Sifuri Tano za Mashti Safdar

Geji ya pikipiki ya Mashti Safdar ilipokufa, mwenyewe alifurahi. Watu wa mji wetu wa Meybod, waliozoea kuiona pikipiki ile ikipita kila asubuhi na madumu ya maziwa ndani ya shogi, ule mfuko wa zulia wa pande mbili, hawakujua, na wangejua wangemcheka. Mtu gani huyu, chombo chake kinaharibika naye anapiga mluzi? Lakini Safdar alikuwa na sababu, na sababu hiyo alikuwa ameifungia moyoni tangu ile ajali.

Ajali yenyewe ilikuwa ya kijinga, kama zilivyo nyingi. Yeye na mkewe Tuba walikuwa wanarudi kutoka harusini Ardakan, upepo wa vumbi ukawazukia njiani, na ndani ya vumbi hilo kulikuwa na lori limeegeshwa bila taa. Tuba alivunjika mkono. Safdar alivunjika vitu vingi zaidi, akalazwa hospitali huko Yazd hamjui huyu wala yule, hadi madaktari wakawa wanawakwepa jamaa zake kwenye korido. Pikipiki iliburutwa mpaka uwanja wa polisi, taa imepasuka, usukani umepinda, geji tu ndiyo nzima. Tuba alikwenda kule na mkono wake kwenye plasta kuichukua ile shogi, akasimama mbele ya geji kwa muda mrefu, midomo inamcheza. Aliyemsindikiza ni dada yake, Sakine, mwanamke asiyeweza kukaa na neno usiku mmoja. Safdar alipopata nafuu, Sakine alimwinamia kitandani akanong'ona: "Shemeji, Tuba amekuwekea nadhiri. Nilimsikia. Amezitaja namba za geji, mpaka zizunguke zote zirudi sifuri. Mimi sijakwambia kitu."

Na kweli hakupaswa kumwambia. Kwetu nadhiri haitangazwi kabla haijatimizwa. Mwenye nayo hunyamaza mpaka siku ya kupika, na mwenye adabu haulizi. Kwa hiyo Safdar hakuuliza. Alilitafuna jambo lile peke yake, na kadiri alivyolitafuna ndivyo lilivyozidi uchungu. Mkewe amemwombea afike sifuri. Sawa, Mungu ambariki. Na zikishafika sifuri? Safdar ni mtu wa maziwa, amezoea vitu vyenye kipimo: dumu likijaa limejaa, hata ukilisomea dua. Aliamini kabisa kwamba amepewa umri wa kuazima, na kipimo chake kiko mbele ya pua yake, kinasogea kila anaposogea yeye.

Mwanzoni namba zilikuwa mbali na hofu ilikuwa ndogo. Lakini maziwa hayakai, na kijiji cha maziwa hakiji mjini. Miaka ikapita. Tuba naye hakumsaidia hata kidogo. Tangu ajali alikuwa amekataa sukari. Sisi hushika kipande cha sukari kwenye meno na chai ikapita juu yake, na mtu akinywa chai kavu watu humuuliza nani amefiwa. Tuba alikunywa kavu, mwaka hadi mwaka, bila maelezo. Halafu kila jioni Safdar akirudi, mkewe alitoka na kitambaa, akafuta maziwa yaliyomwagikia tangi, akafuta na kioo cha geji, kisha akainama akasoma. Safdar alikuwa akimtazama kupitia dirishani. Aliona mke anayehesabu siku za mumewe.

Alijaribu ujanja. Alifuata njia za mkato, aliacha kwenda sokoni kwa pikipiki. Siku moja alizima injini akaisukuma kwa mikono kutoka mwisho wa mtaa hadi nyumbani, jasho linamtoka, akidhani amekwepa. Alipofika ndipo alipokumbuka kwamba geji inazungushwa na gurudumu la mbele, nalo gurudumu halijali kama umepanda au unasukuma.

Basi elewa furaha yake asubuhi ile, njiani kurudi na maziwa, alipotazama chini na kukuta namba zimeganda. Mshale wa spidi ulikuwa unatetemeka kama kawaida yake, lakini namba zimekataa. Alipita msikitini, akapita kinu, akapita bomba la maji, namba ni zilezile. Akazunguka mtaa mara ya pili kuhakikisha. Kisha akaanza kuimba, na Safdar akiimba mbwa huingia ndani.

Majuma yaliyofuata aliishi kama kijana. Alimpeleka kila jirani alikotaka kwenda. Alikwenda mpaka Yazd kumpelekea binti yake Akhtar makomamanga ambayo binti hakuyaomba, na juma lililofuata akampelekea mengine, mpaka Akhtar akampigia mama yake simu kuuliza kama baba ni mzima. Hapo ndipo Tuba, ambaye kwa majuma kadhaa alikuwa akikuta namba ileile chini ya kitambaa chake na kudhani macho yanamchezea, alipokuja barazani mikono kiunoni.

"Baba Akhtar," akasema, "pikipiki yako siku hizi inatembea au inabebwa?"

Safdar akasema labda geji imechoka, ni ya zamani, na hata hivyo geji ni urembo tu, mwendo wake anaujua kwa masikio. Tuba hakubishana. Asubuhi akavaa buibui lake, akaketi nyuma ya pikipiki uani, akamngoja. Walikwenda moja kwa moja kwa fundi.

Fundi ni Usta Nosrat, mwenye kibanda upande wa pili wa nyumba ya kale ya kuhifadhia barafu, na hakuna mtu anayeingia kibandani mwake akatoka bila kutaniwa. Alichomoa waya wa geji kutoka kwenye gurudumu la mbele, akauvuta wote nje ya ala yake, akauviringisha kati ya vidole. Waya ni mzima, akasema, umekauka tu grisi, ndiyo maana mshale unatetemeka. Ugonjwa uko ndani ya geji. Aliifungua, akaiweka kwenye kitambaa, na kwa bisibisi ndogo akaanza kuinua ukingo wa bati unaoshika kioo, kidogo kidogo, akizunguka. Kioo kikatoka. Ndani mlikuwa na vumbi la jangwa letu lote, na kigurudumu kidogo cha plastiki kilichong'oka meno.

Nosrat akasema dawa ni rahisi. Akaingiza mkono kwenye boksi la vyuma chakavu akatoa geji nyingine ya pikipiki ya namna ileile, kioo safi, namba chache. "Tunafunga hii, Mashti. Unapata umri mpya."

Hakujua alichokigusa. Safdar aliinuka kwenye kigoda chake kama mtu aliyeitwa jina. "Funga," akasema. "Funga hiyohiyo, usipoteze muda."

"Hapana," akasema Tuba. "Nataka hii yake."

Nosrat akamtazama mwanamke, akamtazama mume, akafikiri wamegombana. Akatoa rai nyingine: kama shida ni hizi namba tu, yeye anaweza kuzizungusha kwa kidole zisome chochote wanachotaka, hata sifuri sasa hivi, mkono kwa mkono. Rangi ilimtoka Safdar. Tuba naye alivuta buibui lake kwa hasira. "Usta, unadhani ninayeshughulika naye ni trafiki? Utamdanganya nani kwa kidole chako?"

Hapo Nosrat akaelewa kwamba ni nadhiri. Sisi sote tungeelewa. Akaweka geji ile safi mezani, akasema kwa sauti ya chini kwamba basi, atachukua kigurudumu cha hiyo akitie katika hii, kazi ya kuumiza macho lakini inawezekana, na kwamba bakuli lake la kwanza lisije likasahaulika siku ikifika. Tuba alitabasamu kidogo.

Safdar akaanza kumhimiza fundi asiharakishe. Akasema anaweza kuiacha mpaka kesho, au juma lijalo, au baada ya Mwaka Mpya, Usta apumzike, macho ni mali. Nosrat alikuwa tayari ameshika kibano. Akachomoa kile chuma chembamba kinachopita katikati ya vigurudumu vya namba, na vyote vitano vikamwangukia kiganjani kama shanga za tasbihi iliyokatika. Akavipanga, akakuna kichwa.

"Hapa ilikuwa inasoma ngapi?" akauliza.

"Kama elfu sitini hivi," akasema Safdar haraka.

Tuba hakuinua hata uso. "Tisini na tisa elfu, mia tisa na kumi na nane."

Nosrat alicheka mpaka kibano kikamponyoka. Safdar hakucheka. Kuambiwa namba ile hivyo, bila kuwaza, kama mtu anavyotaja tarehe ya kuzaliwa mtoto wake, kulimthibitishia kila alichokuwa akiogopa. Alikaa akatazama kigurudumu kipya kikiingia mahali pake, grisi ikipakwa kwa ncha ya kijiti, kioo kikirudi, ukingo wa bati ukikandamizwa taratibu kwa mgongo wa bisibisi. Kabla ya adhana ya adhuhuri kazi ilikuwa imekwisha. Nosrat aliinua gurudumu la mbele, akalizungusha kwa mkono, na namba ya mwisho ikaanza kupanda kama haijawahi kuumwa.

Maziwa yakazila kilomita zilizobaki moja moja. Zilipobaki za kuhesabika kwa vidole, Safdar akapata maumivu ya mgongo. Alimwomba shemeji yake mmoja mwenye gari dogo amsaidie kuleta maziwa, naye akalala chali sebuleni akitazama dari na kukumbuka madhambi yake. Yalikuwa machache kuliko alivyodhani, jambo ambalo lilimsikitisha kwa namna fulani. Aliwaza Akhtar ataletewa na nani makomamanga. Aliwaza Tuba atabaki na nani wa kumgombeza.

Tuba alimvumilia mpaka Ijumaa. Asubuhi hiyo alifunga mkate, jibini na majani ya rehani kwenye kitambaa, akajaza chupa ya chai, akasimama mlangoni. "Mgongo umepona," akamwambia. "Twende tukapunge hewa njia ya kijijini." Sauti yake ilikuwa na furaha aliyoshindwa kuificha, na furaha hiyo ndiyo iliyomuumiza Safdar kuliko yote. Akaoga, akavaa shati safi, akatoka.

Njia ya kijijini imenyooka, upande mmoja jangwa, upande wa pili bustani za komamanga zenye kuta za udongo. Safdar aliendesha polepole mno, mbwa wa mchungaji akawapita, akasimama kuwangoja, kisha akakata tamaa akaondoka. Namba zikapanda. Tisa zikaanza kujipanga, na ilipofika tisa ya mwisho, zote tano zikiwa sawasawa, alipunguza mwendo, akasimama, akaweka mguu chini.

"Mama Akhtar, shuka."

"Nishuke kwa nini? Hakuna kitu hapa."

"Shuka ukae chini ya ukuta ule. Mimi nitakwenda mbele kidogo peke yangu." Hakugeuka kumtazama. "Najua uliniombea mpaka sifuri. Sakine aliniambia zamani. Nakushukuru, umenipa miaka mingi, sina manung'uniko. Lakini mbele ya hapo sijaombewa, na sitaki uwe nyuma yangu. Mkono wako mmoja nimeshauvunja."

Kisha akahisi mikono ya mkewe ikimzunguka kiunoni, na paji la uso wake likimgusa mgongoni, na mwili wake wote ukitetemeka. Analia, akawaza Safdar.

"Nadhiri haisemwi kabla ya wakati wake," akasema Tuba, sauti imekabwa. "Sishuki. Washa."

"Tuba."

"Washa, Safdar."

Akawasha. Akatamka shahada, akaitamka tena, akaingiza gia. Kilomita ile moja ilikuwa ndefu kuliko njia ya kwenda kuzuru Mashhad. Namba ya mwisho ilipoanza kupanda, zote tano zilipanda pamoja, polepole, na wakati huohuo lori likatokea mbele yao likija, taa zinawaka mchana kweupe. Safdar aliishikilia ile pikipiki yake pembezoni kabisa mwa njia. Lori likakaribia, dereva akapiga honi, akapunga mkono akawapita, na upepo wake ukapeperusha buibui la Tuba. Vumbi likatulia. Injini ilikuwa bado inanguruma. Nyuma ya kioo safi kulikuwa na sifuri tano zimesimama, kisha ya mwisho ikaanza, bila wasiwasi wowote, kuelekea moja.

Safdar alisimamisha pikipiki, akashuka, akakaa chini mchangani. Alijigusa kifua. Alijigusa magoti, na goti la kushoto lilikuwa linauma kama kawaida, akalishukuru. Tuba alikuwa amekaa mbele yake, machozi yanamtoka, na ndipo Safdar alipoona kwamba machozi yale yamechanganyika na kicheko, na kwamba kutetemeka kule mgongoni kwake hakukuwa kulia hata kidogo.

"Unacheka," akasema.

"Nilikuwa nitapasuka," akasema Tuba. "Sasa naweza kusema, kwa hiyo kaa usikilize. Siku ile uwanjani kwa polisi nilimwomba Mungu akurudishe. Basi. Sikumwomba kilomita. Nikaahidi sufuria la shole, la mtaa mzima. Halafu nikautazama mkono wangu kwenye plasta. Shole ni wali na sukari na zafarani, lakini zaidi ni kukoroga, tangu asubuhi mpaka magharibi. Nikasema, Mola wangu, naahidi, ila nipe muda. Nikatafuta nitaje muda gani, na mbele yangu kulikuwa na geji yako."

Safdar alimkodolea macho. "Mkono ulipona mwaka uleule."

"Ulipona. Lakini namba zilikuwa bado mbali, na wewe unanijua mimi na masufuria makubwa."

"Na sukari?"

"Nisije nikasahau kwamba nina ahadi. Ulidhani nini?"

Akamweleza alichodhani: chai kavu, kitambaa, dirisha, pikipiki aliyoisukuma mtaa mzima. Tuba alianza kucheka tena, kisha kicheko kikamkatikia njiani. Alimpiga mumewe begani, si kwa utani.

"Yaani mimi ni bahili kiasi hicho? Nimwendee Mungu, niombe mume wa kilomita? Wewe ulirudishwa siku ileile, Safdar, bila kipimo. Zile namba zilikuwa zangu, nilizopewa mimi za uvivu wangu. Na wiki zile geji ilipokufa ukawa unarandaranda mpaka Yazd, ulidhani nani anakulinda?"

Hilo Safdar hakuwa ameliwaza. Aliliwaza pale mchangani, na hofu ya miaka yote ikamtoka, na pumzi nayo ikamtoka ndefu mpaka akahisi njaa. Aliuliza kama kuna mkate. Tuba akafungua kitambaa, akamimina chai, kisha akatoa kwenye pindo la buibui lake kipande kimoja cha sukari alichokuja nacho, akakishika kwenye meno, akafumba macho, akanywa.

"Sakine," akasema Safdar hatimaye.

"Sakine atakoroga," akasema Tuba.

Na Sakine alikoroga, tangu alfajiri, akilalamika. Mtaa mzima ulikuja. Kila aliyeshika mwiko alikoroga kidogo na kuomba haja yake, maana ndivyo tunavyofanya, na zamu ya Safdar ilipofika Tuba alimpa mwiko akamwambia aombe anachotaka lakini asitaje namba. Mabakuli yalipangwa uani yakipoa, ya manjano, juu yake mdalasini umeandika majina matakatifu. Bakuli moja tu lilikuwa na maduara matano. Usta Nosrat alilibeba kwa mikono miwili mpaka kibandani, na kwa muda mrefu alikataa kulila.

Kesho yake Safdar alikwenda kuchukua maziwa kama kawaida, akarudi kama kawaida, maziwa yamemwagikia tangi kama kawaida. Alikaa dirishani na chai yake. Tuba alitoka na kitambaa, akafuta tangi, akafuta na kioo cha geji. Halafu akakung'uta kitambaa chake, akaingia ndani bila kuinama kusoma.